Tetemeko la Wastani: Simu Zilie au Zinyamaze?

Tarehe 5 Aprili 2024 tetemeko la ukubwa wa 4.8 lilitikisa New Jersey, Marekani, likasikika hadi New York na majimbo mengine kadhaa, kwa kuwa miamba ya upande ule ni mikongwe na migumu, na hupitisha mtikisiko mbali kuliko miamba ya California iliyojaa nyufa. Madhara yalikuwa madogo. Ujumbe wa dharura ulifika kwenye simu za wakazi wa New York baada ya zaidi ya nusu saa, na wengi wakalalamika.

Wanaosema tetemeko la kiasi hicho halistahili king'ora cha onyo kwenye simu wana hoja nzito. Mawimbi ya kwanza husafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde, na yale yanayoangusha vitu takriban 3.5; hivyo aliye kilomita 60 kutoka kwenye kitovu ana pengo la sekunde 7 kati ya hayo mawili, na mitambo yenyewe huhitaji muda kunasa yale ya kwanza na kutuma onyo. Aliye kilomita 10 hana kitu. Tetemeko la wastani huumiza zaidi walio karibu, nao ndio wasiowahiwa, huku walio mbali wakishtuliwa kwa sababu ya taa itakayobembea tu. Anayeshtuliwa bure mara kwa mara huizima sauti ya simu. Ndiyo maana ShakeAlert, mfumo wa kuonya mapema kuhusu matetemeko katika pwani ya magharibi ya Marekani, hautumi ujumbe kwa simu zote mpaka ukubwa ukadiriwe kufikia 5.0, na naona kiwango hicho kina busara.

Hata hivyo, hoja hiyo inahusu sekunde za kabla tu. Mtu wa ghorofa ya saba, ambaye vikombe vyake vimegongana kabatini na vumbi la plasta limemwagika mezani, hajui kama lililopita ndilo lenyewe au ni mtangulizi tu. Akikosa neno la kuaminika, atakimbilia ngazi, mahali ambapo watu huumizana kwa kusukumana, au ataamini uvumi wa kwanza. Kumtuliza ovyo nako ni hatari: mjini L'Aquila, Italia, mwaka 2009, wakazi waliokuwa wakitikiswa kwa miezi walipewa maneno ya faraja, na siku chache baadaye tetemeko la ukubwa wa 6.3 likaua zaidi ya watu 300.

Kwa hiyo king'ora kisubiri kiwango chake, lakini maelezo ya baada yasisubiri: tetemeko limetokea, mengine yanaweza kufuata, kaa mbali na madirisha, likirudi ingia chini ya meza imara, ukisikia harufu ya gesi toka nje. Maneno hayo yanaweza kuandikwa leo, yakabaki kujazwa saa na mahali.