Maabara Inapima Miaka Miwili, Mtoto Anabeba Minane

Chukua waya, ukunje kulia, ukunje kushoto, urudie. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Baada ya muda unahisi joto pale kwenye mkunjo, na mara waya unakatika hata bila kutumia nguvu. Mafundi husema chuma kimechoka. Kwa mwendo wa polepole zaidi, jambo hilohilo hutokea ndani ya mgongo wa mtoto aliyewekewa vyuma vya kunyoosha uti wa mgongo ilhali bado anakua. Anainama kuokota mpira, anageuka kitandani, anaruka ngazi, na kila mara chuma kinakunjika kidogo mno kisha kinarudi.

Swali linalowagawa wapasuaji, wahandisi na mamlaka za udhibiti ni hili: vyuma hivyo vipimwe kwa kiasi gani kabla ya kuingia kwenye mwili wa mtoto wa miaka minne? Wapo wanaotaka ushahidi mzito kwanza. Wapo pia wanaosema mtoto hana muda wa kuungoja. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda, na nadhani kila upande una haki kuliko mwenzake anavyokubali.

Tuanze na sababu ya haraka yenyewe. Uti wa mgongo ukipinda kwenda upande na kujisokota, yaani skoliosisi, kabla mtoto hajafikisha miaka 10, suala linapita umbo. Kifua nacho hujisokota. Katika miaka 5 ya kwanza ya maisha, mgongo kuanzia pingili ya kwanza ya kifua hadi kwenye nyonga hurefuka kwa takriban sentimita 10. Kati ya miaka 5 na 10, kasi hushuka hadi kama sentimita 1 kwa mwaka. Ni katika miaka hiyohiyo mapafu yanaongeza vifuko vyake vya hewa, na mapafu hayawezi kukua kuliko sanduku yanamokaa.

Zamani jibu la upasuaji lilikuwa kuziunganisha pingili zigande, mgongo uache kupinda. Uliacha kupinda kweli, ila uliacha na kukua. Mwaka 2008 Lori Karol na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto waliounganishwa pingili za kifua mapema. Wale ambao kifua chao hakikuvuka sentimita 18 kwa urefu, wengi wao mapafu yalikuwa yamebanwa vibaya. Mgongo ulionyooka juu ya kifua cha mtoto mdogo, ndani ya mwili wa kijana: hayo ndiyo matokeo ambayo vyuma vinavyofuata ukuaji viliundwa kuyakwepa.

Vipo vya aina kadhaa. Vya kawaida ni jozi ya fito za chuma zilizofungwa kwa skrubu au kulabu juu na chini ya mpindo, zikiunganishwa katikati kwa kiungo kinachofunguliwa na kurefushwa. Mtoto hurudi chumba cha upasuaji kila miezi 6 hivi, analazwa kwa nusukaputi, anapasuliwa, anarefushwa, anashonwa. Kuna vile vya mbavuni alivyoanza kubuni Robert Campbell huko San Antonio, Marekani, mwaka 1987. Kuna vya kuteleza, ambavyo pingili hukua zikisafiri kando ya ufito bila kuvutwa. Na kuna vya sumaku, ambavyo ndani ya ufito mna injini ndogo inayozungushwa na mashine iliyowekwa nje ya ngozi. Mtoto analala kifudifudi akiwa macho, mashine inapita mgongoni, chuma kinarefuka milimita chache, anavaa shati anaondoka.

Sasa njoo maabara. Kipimo kinachotumika sana kwa vyuma vya mgongo kinaitwa ASTM F1717. Hakitumii mfupa, hutumia vipande viwili vya plastiki ngumu vinavyosimama badala ya pingili, kati yake pengo, kana kwamba pingili ya katikati imeondolewa kabisa. Vyuma hufungwa kwa skrubu kwenye vipande hivyo, mashine inabonyeza na kuachia, inabonyeza na kuachia, hadi mizunguko milioni 5. Kwa mibonyezo 5 kila sekunde, kazi hiyo inakwisha kwa siku zisizozidi 12. Chuma kisipovunjika, kimefaulu.

Kwa kazi kilichotungiwa, kipimo hiki ni kizuri. Kilitungwa kwa ajili ya vyuma vya kuunganisha pingili, ambako chuma kinashikilia tu mpaka mfupa ugande, kisha mfupa unabeba mzigo wenyewe. Chukua hatua 7,000 kwa siku: mizunguko milioni 5 ni kama miaka 2. Mfupa huganda kabla ya hapo. Lakini mtoto anayewekewa vyuma vya kukua akiwa na miaka 4 anaweza kukaa navyo hadi 12, na hakuna mfupa unaotarajiwa kumpokea chuma mzigo. Kugandisha ndiko tunakokukwepa. Kwa hesabu ileile, miaka 8 ni hatua zaidi ya milioni 20. Hesabu hii ni ya juujuu, nakiri, kwa kuwa si kila hatua inakunja chuma kwa nguvu sawa, lakini inaonyesha upande ambao saa imekosewa.

Tena si saa peke yake. Vyuma vya kukua ni virefu, vinavuka pingili nyingi ambazo hazijafungwa, kwa hiyo vinakunjika tofauti na vile vifupi vya kwenye mashine. Mpasuaji huvipinda kwa mkono vifuate umbo la mgongo, na kila kovu la koleo ni mahali pa ufa kuanzia. Katikati kuna kiungo kigumu, na ufito mwembamba ukitoka kwenye kitu kigumu hulemewa pale pale unapotokea. Vyuma vilivyovunjika ndani ya watoto na kuchunguzwa baadaye vimekutwa vimekatika kwa uchovu, mara nyingi jirani na kiungo hicho. Halafu, hakuna mashine inayokua. Kila urefushaji unabadilisha mvutano mzima wa mfumo, na huku mgongo wenyewe unaanza kukakamaa kwa sababu ya kuzuiwa.

Wanyama wachanga, nguruwe na mbuzi hasa, husaidia kujibu swali jingine: je, mgongo unaendelea kukua chuma kikiwa ndani? Kwa hilo wanatosha. Kuhusu chuma kitakuwaje mwaka wa sita hawana la kusema.

Wanaotaka masharti magumu wana takwimu za kushika. Mwaka 2010 Shay Bess na wenzake waliripoti watoto 140 waliowekewa fito za kurefushwa kwa upasuaji, jumla ya upasuaji 897. Watoto 81, yaani asilimia 58, walipata angalau tatizo moja: chuma kuvunjika, skrubu kung'oka, kidonda kuoza. Kila upasuaji wa ziada uliongeza hatari kwa asilimia 24. Mwaka mmoja baadaye Wudbhav Sankar na wenzake wakaonyesha kwamba kila urefushaji unazaa kidogo kuliko uliotangulia, kwa kuwa mgongo unakakamaa. Mtoto anazidi kulipa, anazidi kupata kidogo. Na mwaka 2016 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikatahadharisha kuhusu nusukaputi ya muda mrefu au ya kurudiarudia kwa watoto walio chini ya miaka 3.

Kutoka hapo unaelewa kwa nini vyuma vya sumaku vilipokelewa kwa shangwe. Ripoti ya Kenneth Cheung na wenzake wa Hong Kong ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 2012. Walikuwa wamewawekea wagonjwa 5, na waliofuatiliwa kwa miezi 24 ambao matokeo yao yalielezwa walikuwa 2. Wawili! Mwaka 2014 FDA ilivipa ruhusa ya kuuzwa Marekani, na mwaka huohuo NICE, taasisi inayoishauri huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ikavipendekeza, ikizingatia pia gharama za upasuaji ambazo zingeokolewa.

Kisha vyuma vikaanza kutoka. Watoto walikuwa wamefika mwisho wa matibabu, au chuma kimegoma kurefuka. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Thomas Joyce na wenzake walivikata vyuma vilivyotolewa. Ndani walikuta unga mweusi, chembe za titaniamu zilizosagika, na mipira ya kuzuia majimaji iliyoharibika. Wapasuaji nao walikuwa wakiona nyama nyeusi kuzunguka chuma wanapokitoa. Mwaka 2020 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ikaagiza vyuma vya sumaku vya chapa ya MAGEC, ndivyo vilivyokuwa vikitumika zaidi, visiwekwe tena hadi suala lichunguzwe. Mwaka uliofuata FDA nayo ilitoa taarifa kwa wazazi na madaktari kuhusu sehemu zinazoweza kufunguka na kuhusu chembe za chuma, lakini haikuchukua njia ya kuvifungia moja kwa moja.

Tazama jambo hilo kwa makini: aina moja ya kifaa, mamlaka mbili zenye wataalamu, hatua mbili tofauti. Sidhani kuna upande uliozembea. Mmoja ulitazama kasoro ya kifaa. Mwingine ulitazama pia kile ambacho mtoto angerudishiwa kifaa kikiondolewa, yaani kisu kila miezi 6.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapoanza kuuma. Watoto hawa ni wachache na hawafanani. Mmoja ana misuli dhaifu, mwingine kazaliwa na pingili zisizotimia, wa tatu hana sababu inayojulikana. Kuwagawa kwa kura, nusu wapate chuma hiki na nusu kile, kisha kuwafuatilia miaka 8, ni kazi ambayo kifaa chenyewe huenda kikapitwa na wakati kabla haijaisha. Soko ni dogo, na kiwanda kikidaiwa ushahidi wa gharama kubwa kitaamua kuuza vyuma vya watu wazima basi. Vifaa vya Campbell vilianza 1987 na vikapata idhini ya FDA mwaka 2004, kupitia mlango maalumu wa magonjwa ya wachache, ambao humtaka mtengenezaji aonyeshe usalama na uwezekano wa manufaa bila kudai uthibitisho kamili wa ufanisi. Miaka 17 hata kwa mlango huo.

Na masharti yakikazwa watoto hawaachi kupasuliwa. Kwa miaka mingi wapasuaji walichukua vyuma vilivyoidhinishwa kwa watu wazima wakavirekebisha wenyewe mezani, nje ya matumizi yaliyoandikwa, kwa sababu mtoto alikuwa mbele yao anahema kwa shida. Kipimo kikali kinachosukuma watu kwenye ubunifu wa mezani hakijamlinda mtoto.

(Si kila mtoto anafika huko. Min Mehta wa Uingereza aliripoti mwaka 2005 watoto 136 waliotibiwa kwa plasta za mwili zinazobadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Walioanza mapema, mpindo ukiwa mdogo, wengi walinyooka. Anayejadili vyuma bila kuuliza kama plasta ilijaribiwa anaruka hatua.)

Kipo kitu ambacho pande zote mbili hukipitia haraka mno: tunapima nini hasa kwa mtoto mwenyewe? Karibu kila ripoti inahesabu pembe ya mpindo kwenye eksirei na sentimita za urefu, kwa kuwa hivyo vinahesabika. Sababu ya kuweka chuma ilikuwa mapafu. Lakini umpe mtoto wa miaka 3 bomba umwambie avute pumzi yote kisha apulize kwa nguvu hadi mwisho: atacheka, atalipuliza kama tarumbeta, au atalitafuna. Kabla ya miaka 5 au 6 kipimo hicho hakiaminiki. Kwa hiyo chuma kinaweza kusifiwa miaka mingi kwa kunyoosha picha bila kuulizwa kama mtoto anapanda ngazi bila kusimama. Dodoso la maswali 24 kwa wazazi wa watoto hawa, linalojulikana kama EOSQ-24, limeziba sehemu ya pengo hilo, nami ningependa kuliona kwenye ukurasa wa kwanza wa kila ripoti badala ya kwenye jedwali la mwisho.

Nikilazimishwa kuchagua, nitaruhusu chuma kiingie kwa ushahidi mdogo kuliko tunaodai kwa mtu mzima, kwa masharti mawili. Kwanza, mashine ya maabara ipewe kazi inayofanana na ile halisi: vyuma virefu, vimepindwa kwa koleo, viungo vyake mahali pake, na mizunguko ya miaka ambayo mtoto atakaa navyo. Gharama yake ni muda wa mashine. Kama milioni 5 ni siku 12, milioni 20 ni siku 48 hivi, na sioni mtoto atakayeumia kwa kusubiri siku 36 zaidi katika safari ya miaka.

Pili, na hili ndilo ninalolishikilia zaidi, vyuma hivi vina sifa ambayo vifaa vingi vya mwilini havina: kwa kawaida, siku moja hutolewa au hubadilishwa. Nyonga ya bandia hufa na mwenyewe. Chuma cha kukua hurudi mikononi mwetu kikiwa kimebeba rekodi ya miaka yake yote, mikwaruzo, nyufa, unga. Kasoro ya vyuma vya sumaku haikufichuliwa na jaribio lolote la kabla ya idhini. Ilifichuliwa na watu walioamua kukata chuma kilichokwisha kazi badala ya kukitupa. Basi idhini iandikwe hivyo: unauza, na kila kinachotoka kinarudi maabara isiyo yako, kikiwa na umri wa mtoto, uzito wake, tarehe kilipoingia na idadi ya mara kiliporefushwa.

Pingamizi naliona. Hospitali itasema hakuna wa kukisafisha na kukisafirisha. Kiwanda kitasema ni siri ya biashara. Mzazi anaweza kusema ni cha mwanangu, nataka kukihifadhi, na huyo nitamwelewa kuliko wengine wote. Apewe baada ya kukatwa, vipande viwili, na karatasi inayoeleza kilichokutwa ndani.