Vodka Imo Kwenye Faharasa, Yeye Hayumo

Juma lililopita nilikwenda posta kuchukua kitabu nilichokuwa nimekisubiri kwa wiki 7. Ni kitabu kikubwa cha picha kuhusu namna filamu za jasusi James Bond zilivyotengenezwa, kizito kiasi kwamba karani alikiinua kwa mikono miwili na kuniuliza kama nimeagiza vigae. Nililipa ushuru ambao sitautaja hapa kwa sababu mke wangu husoma makala zangu. Nilipofika nyumbani nilinawa mikono kama mtu anayekaribia sinia la pilau, kisha nikakifungua kuanzia nyuma, kwenye faharasa, kwa kuwa huko ndiko ninakokipimia kila kitabu cha aina hii. Nilitafuta jina moja tu, na halikuwamo. Mahali ambapo lingepaswa kuwapo, katika herufi ya V, palikuwa na vodka, nayo vodka ilikuwa imetengewa kurasa 11.

Jina hilo ni la Nikki van der Zyl. Ikiwa umewahi kuitazama Dr. No, filamu ya Bond ya mwaka 1962, basi umemsikia, hata kama hujawahi kumwona. Ikumbuke ile sehemu ambayo kila mtu anaikumbuka: Ursula Andress anatoka baharini katika ufukwe wa Jamaica, kisu kiunoni, makombe mikononi, huku akijiimbia wimbo wa mwembe bila kujua kwamba yuko mtu anayemtazama. Mwili unaotoka majini ni wa Andress. Sauti inayoimba ni ya Diana Coupland. Sauti inayozungumza, ile inayomtaka Bond asimsogelee, ni ya Nikki van der Zyl, ambaye hakuloana hata kidole, kwa sababu kazi yake aliifanya baada ya picha kupigwa, amesimama mbele ya maikrofoni, macho yake yakifuata midomo ya mwenzake kwenye kioo ili kila neno liangukie mahali pake. Wanawake watatu walifanya kazi ya mhusika mmoja, na filamu ilimtaja mmoja. Mwaka 1964 Andress alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Golden Globe ya nyota wapya. Simwonei wivu, wala hakumdhulumu mtu. Lakini ningependa kujua waliompigia kura walidhani wanaisikiliza sauti ya nani.

Wala haikuishia hapo. Katika filamu hiyohiyo, yule mwanamke wa mezani kwenye kamari, ambaye ndiye wa kwanza kabisa kubishana na Bond kwenye sinema, ni Eunice Gayson kwa sura, na kwa sauti ni Nikki van der Zyl. Mwaka 1964, katika Goldfinger, alimsemea Shirley Eaton, yule aliyepakwa dhahabu mwili mzima. Mwaka 1965, katika Thunderball, alimsemea Claudine Auger. Mwaka 1967, katika You Only Live Twice, alimsemea Mie Hama. Tunaambiwa kwamba Bond ndiye jasusi mwerevu kuliko wote, mwenye uwezo wa kutambua mwaka wa mvinyo kwa kuunusa tu; lakini kwa miaka mitano alikutana na mwanamke mpya kila filamu, akanong'onezwa sikioni na koo lilelile, na hakushtuka hata mara moja. Jasusi gani huyo?

Najua nitakavyojibiwa, na nusu ya jibu naikubali kwa shingo upande. Waigizaji wengi wa filamu zile walitoka Uswisi, Italia, Ufaransa, Ujerumani na Japani; lafudhi zao zilikuwa nzito, na watayarishaji, Albert Broccoli na Harry Saltzman, walitaka mtazamaji aelewe kila neno bila kukunja uso. Kuingiza sauti ya mtu mwingine ilikuwa kazi ya kawaida katika sinema za wakati huo. Hata wanaume waliingiziwa: Gert Fröbe, aliyeigiza Goldfinger mwenyewe, alifika kazini na Kiingereza cha kukariri, na sauti nene tunayoisikia ni ya Michael Collins. Van der Zyl ndiye aliyekuwa akimfundisha Fröbe kutamka maneno yake wakati wa kupiga picha. Haya yote nayapokea. Sibishani na filamu ya mwaka 1962 kwa kuficha siri zake, kwa maana kuficha ndiyo kazi ya filamu. Nabishana na kitabu kilichochapishwa miaka mingi baadaye, kinachojinadi kwamba kimekuja kunionyesha yaliyokuwa nyuma ya pazia, halafu kinanionyesha pazia.

Tazama jinsi vitabu hivi vinavyochagua cha kusimulia. Katika The Ipcress File ya mwaka 1965, Michael Caine ni jasusi anayejipikia, na ipo picha ya karibu ambapo mkono mmoja unavunja mayai kwenye bakuli, moja baada ya jingine, bila msaada wa mkono wa pili. Mkono huo si wa Caine. Caine hakuliweza zoezi hilo, kwa hiyo aliyeingiza mkono ni Len Deighton, mwandishi wa riwaya yenyewe, ambaye alikuwa mpishi hodari kiasi cha kuchora safu ya mapishi gazetini, na safu hizo zinaonekana zimebandikwa ukutani katika jiko hilohilo. Ni kisa kitamu, nami hukisimulia kila ninapopata msikilizaji. Karibu kila anayeandika kuhusu filamu hiyo hukisimulia pia. Vilevile tunaelezwa kwa furaha kwamba katika On Her Majesty's Secret Service ya mwaka 1969, George Lazenby, aliyeigiza Bond, anapojifanya mtaalamu wa nasaba, sauti yake hugeuka kuwa ya George Baker. Mkono wa mwanamume unaovunja mayai kwa sekunde chache umepewa nafasi yake katika historia; sauti ya mwanamke iliyobeba nusu ya mazungumzo ya filamu nzima inaachwa mlangoni, na akibahatika sana atapata tanbihi.

Nitoe mfano mwingine, ambao ndio hasa uliniondolea usingizi. Kitabu changu kimemtengea Ken Adam, mbunifu wa seti, kurasa nyingi, na kila ukurasa aliopewa anaustahili. Kalamu yake nene ya wino, ambayo ukiiegemeza kidogo tu inamwaga kiza cha chumba kizima, ndiyo iliyozaa ghala la dhahabu la Fort Knox ambalo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuliona kwa ndani, na ile volkano ya You Only Live Twice iliyojengwa katika studio za Pinewood mwaka 1966 kwa gharama ya takriban dola milioni 1, sawa na bajeti nzima ya Dr. No. Adam alizaliwa Berlin mwaka 1921 katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi, akarusha ndege za kivita za Uingereza dhidi ya nchi aliyozaliwa, na mwaka 2003 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Nikki van der Zyl naye alizaliwa Berlin, mwaka 1935, binti wa rabi, na familia yake nayo ikakimbilia Uingereza kabla ya vita. Watoto wawili wa mji mmoja, wakimbizi wa balaa moja, walikuja kufanya kazi katika filamu zilezile. Mmoja alizipa kuta, mwingine akazipa sauti. Kuta zimechapishwa kwenye karatasi nzito inayong'aa, na mwenye sauti alilazimika kujiandikia kitabu chake mwenyewe, kilichotoka mwaka 2013, zaidi ya miaka 50 baada ya Dr. No. Alifariki mwaka 2021.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatuwezi kulizoea jambo hili. Mtaani kwetu mtu aliyetia maneno ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni hakujificha: alijitaja jina mwanzoni, akajitaja tena wakati steringi anajaza risasi, akajitaja mwishoni pamoja na namba ya simu, na watoto walichagua filamu kwa kuuliza nani ameitafsiri kabla ya kuuliza nani amepigana. Enzi hizo nilikuwa namchukia kwa kuifunika milio ya bastola. Leo naona alikuwa na akili kuliko sisi sote, kwa sababu alijua kwamba asipojitaja mwenyewe hakuna atakayemtaja.

Nirudi kwenye vitabu. Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba mwenye ghala la nyaraka ndiye mwenye kalamu. Anayetaka picha safi, mikataba na barua za ofisini lazima abishe hodi kwa wenye filamu, na mgeni aliyekaribishwa sebuleni haulizi maswali kuhusu chumba cha uani. Anayeingia bila kubisha naye huona cha mtema kuni. Robert Sellers alitoa mwaka 2007 kitabu kuhusu ugomvi wa Thunderball, yaani kesi ya Kevin McClory na Jack Whittingham waliodai kwamba Ian Fleming, mwandishi wa riwaya za Bond, aliigeuza kuwa riwaya kazi waliyoiandika pamoja kwa ajili ya filamu. Wasimamizi wa urithi wa Fleming walilalamika kuhusu barua zilizochapishwa humo, kitabu kikaondolewa sokoni, na toleo jipya likatoka bila barua hizo. Sheria ya hakimiliki ilikuwa upande wao, sikatai. Lakini tusishangae basi kwamba vitabu vingi vya jamii hii vinasomeka kama risala ya harusi.

Vizuri vipo, nisije nikaonekana nimekuja kulalama tu. Cha Steven Jay Rubin cha mwaka 1981 kilifungua njia. Charles Helfenstein alitumia kitabu kizima, mwaka 2009, kuichambua On Her Majesty's Secret Service peke yake, na ukikisoma unaelewa kwamba filamu ni rundo la maamuzi ya watu waliochoka. Shajara ya Roger Moore, naye aliyeigiza Bond, kuhusu kupigwa picha kwa Live and Let Die, iliyotoka mwaka 1973, ina maringo mengi na utani uliochacha, lakini angalau ina uchovu wa kweli wa siku za kazi. Hicho ndicho ninachokitafuta: siku ya kazi.

Kwa maana siku hizo za kazi zilikuwa na mambo ambayo hakuna mwandishi wa riwaya za kijasusi angethubutu kuyabuni. Katika From Russia with Love ya mwaka 1963, Kerim Bey, mshirika wa Bond, anaegemeza bunduki juu ya bega la Bond na kumlenga adui anayetoroka kupitia dirisha lililofichwa kwenye mdomo wa mwanamke katika bango la sinema. Bango lenyewe ni la Call Me Bwana, filamu nyingine ya watayarishaji walewale, ambao waliona hakuna ubaya kujitangazia biashara katikati ya mauaji. Ndiyo, ni bwana wetu huyuhuyu wa Kiswahili, aliyefika Istanbul kwa njia ya kichekesho kilichotengenezwa Uingereza. Mtu anayevuta kifyatulio ni Pedro Armendáriz, mwigizaji wa Mexico ambaye alikuwa anakufa kwa saratani na alijua. Mpangilio wa kazi ulibadilishwa ili sehemu zake zipigwe kwanza, akazimaliza, na mwezi Juni mwaka huohuo akajiua hospitalini, kabla filamu haijaonyeshwa. Mpiga picha wa angani Johnny Jordan alikatwa mguu na panga la helikopta nchini Japani mwaka 1966 wakati wa You Only Live Twice, akapoteza unyayo, akarudi kazini kuning'inia chini ya helikopta juu ya milima ya Uswisi, kisha mwaka 1969 akadondoka kutoka kwenye ndege akipiga picha za filamu nyingine na kufa. Huyu kitabu changu kimemtaja, katika mstari mmoja, chini ya picha ya gari.

Nimejaribu kuwa mwungwana. Picha za kitabu ni nzuri, rangi zimetulia, na ile ya Adam akiwa juu ya ngazi ndani ya volkano yake ambayo haijapakwa rangi nimeitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini jana usiku nilichukua kalamu ya wino, kwa kuwa penseli haishiki kwenye karatasi ile, nikaandika juu ya vodka: Van der Zyl, Nikki. Kisha nikaanza kupitia ukurasa mmoja mmoja kutafuta picha za wanawake aliowasemea, nikiandika namba pembeni. Nilipofika saa saba za usiku nilikuwa nimezipata kurasa 23, na bado sijafika Thunderball. Wino umeenea kidogo. Shemeji yangu, ambaye alikuwa ameshaanza kunitafutia mnunuzi, amepita asubuhi, akauona ukurasa, akasema nimekiharibu kitabu.