Injinia na Dubu wa Shilingi 2,000

Mwaka 2002 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe moja pale Tanga. Kompyuta 6, zote Windows 98, zimening'inia kwenye laini moja ya simu ya mezani. Nilijua kufungua barua pepe na kuzibua printa, basi mtaa mzima ukaniita Injinia.

Asubuhi moja ikaingia barua ya rafiki yangu. Kapata kirusi, huenda kaniambukiza, samahani sana. Nitafute faili la jdbgmgr.exe, alama yake ni kidubu. Programu za kunasa virusi hazimwoni: Norton haimwoni, McAfee haimwoni. Analala siku 14, akiamka ndiyo kwaheri ya kompyuta. Nikimkuta nisimfungue, nimfute, nimwage na kapu la taka la kompyuta, kisha niwatahadharishe wote ninaoandikiana nao.

Nikamsaka. Huyo hapo! Kakaa kitako ananitazama. Jasho likanitoka. Mashine ya pili, dubu. Ya tatu, dubu. Zote 6! Hapo ndipo ningejiuliza: kirusi gani hiki kinachogawa sawasawa kama pilau ya maulidi? Lakini nani ana muda wa kujiuliza, mji unaangamia!

Nikafuta wote. Nikafowadi kwa kila ninayemjua, hadi mjomba aliyeko Muscat. Halafu, shetani naye hana likizo, nikazunguka madukani: kumtoa dubu, shilingi 2,000. Mzee mmoja muuza misumari na saruji alipomwona dubu kwa macho yake, aliniongezea na soda.

Siku ya tatu mjomba akajibu: "Mpwa wangu, huyo dubu ni wa Microsoft wenyewe. Ni kifaa cha watu wanaoandika programu za Java. Kirusi ni hiyo barua, na mbeba kirusi ni wewe."

Nikarudi kwa mzee, shingo upande.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia. Kaja mwingine?"

Nikaeleza yote, nikamwekea 2,000 yake mezani. Akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Kaa nazo. Kompyuta hii niliinunua na dubu wake. Mimi nataka dubu wangu."

"Mzee, hata huwa humtumii..."

"Na mbuzi wangu wa nyumbani namtumia?"

Kapu la taka nilishalimwaga. Mwaka mzima nilikuwa nikienda sokoni kwa njia ya nyuma, na bado sauti ilinifikia: "Injinia! Dubu wangu hajarudi?"