Kama una zaidi ya megabaiti nane, pole yako

Linus Torvalds alipotoa Linux 0.01, toleo la kwanza la kerneli yake (kiini cha mfumo wa kuendesha kompyuta), mnamo Septemba 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ndani yake kulikuwa na faili iitwayo head.s. Hiyo ndiyo inayotandika majedwali ya kurasa, yaani orodha za kuonyesha kila kipande (ukurasa) cha kumbukumbu kiko wapi, ili prosesa ya 386 ya Intel ianze kutumia kumbukumbu pepe, ambayo anwani zake hutafsiriwa kwanza kwa majedwali hayo. Juu ya sehemu hiyo aliacha maelezo mafupi ambayo, kwa maneno yangu, yanasema hivi: mwenye zaidi ya megabaiti 8, pole yako, mimi sina, wewe uwe nazo za nini? Msimbo ndio huu, ubadilishe.

Wengi wakiyasoma hucheka, wakaona ni utani wa kijana wa miaka 21. Mimi naona ni maelezo ya programu yaliyokamilika kuliko mengi ninayokutana nayo kazini. Yanakuambia kikomo ni kipi, kwa nini kiko pale, na ukitaka kukivuka ushike wapi. Leo kijana akiandika namba moja kwa moja kwenye msimbo anakaripiwa: toa hiyo, weka kwenye faili ya mipangilio. Sikubaliani na karipio hilo likitolewa kama amri ya dini, na namba za Linux ya mwanzo ndizo zilizonifanya nisikubaliane.

Tufungue faili nyingine, config.h. Humo mna konstanti, yaani namba iliyopewa jina, inaitwa HIGH_MEMORY: mwisho wa kumbukumbu ya mashine. Hakuna kupima wala kuuliza BIOS, programu inayoiwasha mashine. Kuna mashine mbili tu zinazotajwa: LINUS_HD, ambayo imepewa 0x800000 (0x ni alama ya namba za kizio cha kumi na sita), yaani megabaiti 8, na LASU_HD iliyopewa 0x400000, megabaiti 4. Kama mashine yako si mojawapo ya hizo, unaandika namba yako, unakompaili upya, yaani unaugeuza tena msimbo kuwa programu. Kutokana na namba hiyo moja zinazaliwa nyingine. Kumbukumbu ikifika megabaiti 6 au zaidi, bafa za diski (kumbukumbu ya kushikilia data za diski kwa muda) zinaishia kwenye megabaiti ya 2. Ikipungua hapo, zinaishia kilobaiti 640. Kinachobaki juu ndicho kinachokatwa kurasa na kugawiwa programu.

Chukua kalamu. Mashine ya Linus: 8 toa 2, zinabaki megabaiti 6. Gawanya kwa baiti 4096 za kila ukurasa, unapata kurasa 1536. Mashine ya LASU_HD: bafa zimeishia chini, lakini kurasa zinaanza kuhesabiwa baada ya megabaiti ya kwanza, kwa hiyo 4 toa 1 ni megabaiti 3, kurasa 768. Hiyo ndiyo mali yote: kompaila, sheli (programu ya kupokea amri), kila kitu kigawane kurasa 768. Na kwenye memory.c kuna mstari unaosema hesabu ikitoa kurasa chini ya 10, kompaila isimame na itamke kwamba haitafanya kazi. Napenda sana mstari ule. Mtu amekaa, amejiuliza kitu hiki kitakufa wapi, kisha akapigilia ubao wa onyo palepale.

Hapa inabidi nitenganishe namba ambazo wanafunzi huzichanganya. 4096 hakuichagua Torvalds. Intel waliitoa pamoja na 386 mwaka 1985: anwani ya biti 32 inakatwa vipande vitatu, biti 10 za kutafuta jedwali, biti 10 za kutafuta ukurasa ndani ya jedwali, biti 12 za kutafuta baiti ndani ya ukurasa. Mbili mara yenyewe mara 12 ni 4096, ndiyo maana kwenye msimbo ule unakuta anwani zinasukumwa kulia biti 12 kila mahali. Namba ya aina hiyo ni kama urefu wa mlango wa nyumba uliyopanga, unainama unapita. Ila 8 ya megabaiti ni ya mpangaji mwenyewe, na ndiyo inayodai maelezo.

Ipo pia ya tatu, nayo ndiyo iliyonifundisha zaidi. Linux ile ilikuwa na nafasi za prosesi (programu zinazoendeshwa) 64, na kila prosesi ilipewa megabaiti 64 za anwani. 64 mara 64 ni 4096, yaani gigabaiti 4, ambayo ndiyo nafasi yote ya anwani ya 386. Prosesi zote zilikaa ndani ya nafasi moja, zikipangwa mfululizo kama vibanda vya sokoni: ya kwanza hapa, ya pili mbele yake kwa megabaiti 64, na kuendelea. Ni mpango mzuri ajabu kwa wepesi wake. Lakini katika 0.01 ukisoma fork.c, faili inayozalisha prosesi mpya, ile megabaiti 64 imeandikwa 0x4000000 peke yake, bila jina. Idadi ya prosesi ina jina, NR_TASKS, mwenzake hana. Ongeza prosesi ziwe 128 na hakuna atakayekuambia kwamba vibanda vya nyongeza havina kiwanja: anwani zinajaa, zinarudi mwanzo, prosesi mpya inakaa juu ya ya zamani.

Jambo hili nalijua kwa mwili wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa programu ya stoo ya duka moja la vipuri. Orodha ilikuwa inaishia bidhaa 400. Mzee mwenye duka akasema, "Kijana, niongezee, mali imezidi." Nikaikuta 400 kwenye faili mbili, nikaweka 1000, nikakabidhi. Ilikuwepo ya tatu, kwenye hesabu ya kufunga mwezi, haina jina, haina maelezo, nami sikuitafuta. Mwezi ule bidhaa zote za nyuma ya 400 hazikuingia kwenye hesabu. Tulikaa na mzee hadi saa nane usiku tukihesabu beringi na mikanda ya feni kwa mkono, na hakunigombeza hata mara moja, jambo lililoniuma zaidi.

Ndiyo maana nikirudi config.h huwa natulia kwenye maelezo yaliyo juu ya HIGH_MEMORY. Yanasema usiikuze namba hii kabla hujahakikisha majedwali yaliyo kwenye head.s yanatosha. Jedwali moja lina nafasi 1024, kila nafasi ukurasa wa kilobaiti 4, kwa hiyo jedwali moja linafunika megabaiti 4, na 0.01 ilikuwa na majedwali mawili. Namba mbili katika faili mbili zinazotegemeana, na moja inakuelekeza kwa mwenzake. Kama yule fundi aliyenitangulia angeacha mstari mmoja wa namna hiyo, tungelala mapema.

Halafu tazama mwendo wake. Desemba ya mwaka uleule likaja toleo la 0.11. Majedwali yakawa manne, kikomo kikapanda hadi megabaiti 16, na kerneli ikaanza kuiuliza BIOS mashine ina kumbukumbu kiasi gani badala ya kuambiwa. Januari 1992 ikaja 0.12, na ile 0x4000000 ikapata jina, TASK_SIZE. Ikawekewa na askari: sharti linalokataa kukompaili iwapo TASK_SIZE mara NR_TASKS haileti gigabaiti 4. Wanaosema namba zilizoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo huwa hazitoki vijana wakishaziacha humo, wasome matoleo haya kwa kufuatana. Aliyeanza kwa kupima kila kitu huenda asingefika Septemba akiwa na kitu cha kuonyesha.

Lakini nisifiche upande wa pili, maana ndani ya 0.12 hiyohiyo kuna namba iliyowasumbua watu kwa miaka. Mtu mmoja Ujerumani alikuwa na mashine ya megabaiti 2, na kompaila haikutoshea. Torvalds mwenyewe hakuhitaji kuhamishia kurasa kwenye diski kumbukumbu ikijaa (swap), ila akaandika kwa ajili ya yule. Ili kujua ni kurasa zipi za diski zimetumika, alitenga ukurasa mmoja wa kumbukumbu na kuufanya ramani, biti moja kwa kila ukurasa. Baiti 4096 mara biti 8 ni 32768; mwishoni baiti 10 zikachukuliwa na maandishi ya utambulisho, SWAP-SPACE. Kurasa zisizozidi 32768 za kilobaiti 4 ni megabaiti 128, pungufu kidogo.

Kwa mwenye megabaiti 2 hiyo ilikuwa bahari. Megabaiti 8 ilikuwa na pole yake na maelekezo ya pa kugusa, nayo ilibadilishwa ndani ya miezi mitatu. Hii ya 128 ilikwenda na muundo wa kuandikia diski, na kilichokwisha kuandikwa kwenye diski za watu hakirekebishwi kwa kukompaili upya. Muundo mpya ulikuja kuwafikia watumiaji wa kawaida na Linux 2.2, Januari 1999. Hadi hapo, mwenye kutaka zaidi kwenye 386 na ndugu zake alikuwa anaikata diski yake vipande vya megabaiti 128, kimoja baada ya kingine, kwa sababu ya ukurasa mmoja uliotengwa Desemba 1991 kwa ajili ya mtu mmoja.