Hapo Hapo, Usisogee!

Jamani, mimi nilikuwa na cheo nyumbani kwangu. Nilikuwa mzungusha antena. Msinicheke. Enzi za TV chogo, bila mimi hakuna mtu hapa Mbagala kwangu aliyeona taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Napanda juu ya ndoo, nashika mlingoti wa mwanzi wenye sufuria bovu kileleni, nazungusha. Mke wangu sebuleni: "Chenga... bado chenga... hapo hapo! Usisogee!" Nasimama na mbu wangu mpaka habari za michezo. Magoli niliyoyasikia ni mengi kuliko niliyoyaona, lakini heshima ilikuwepo.

Na tulikotoka mnakujua. Wazanzibari wana televisheni tangu 1973, tena ya rangi. Sisi wa Bara mpaka 1994! TV moja mtaa mzima, watoto tumejazana dirishani, na mama mwenye nyumba akitaka kupakua ugali anazima kwanza, tutawanyike.

Usiku wa mwisho wa 2012, Dar wakazima analojia. Kwangu kikaja king'amuzi cha dishi, na fundi wake. Akalielekeza mara moja tu, akasema lisiguswe. Nikastaafishwa hivyo hivyo, bila kiinua mgongo. Mlingoti tunaanikia nguo.

Sasa hivi ndiyo kabisa. Binti na Wakorea wake kwenye simu, mama yake na Waturuki, kijana na mpira, kila mtu kona yake, masikio yamezibwa. Mimi nimebaki na TV ya flati sebuleni kama mlinzi wa benki. Kazi yangu kununua bando.

Nikasema nami nijaribu huo mtandao. Filamu zimepangwa kama vitenge Kariakoo! Nikachagua tangu magharibi, nikaonja hii, nikaonja ile, chai ikapoa. Nilipopata ya kutazama, kiduara kikaanza kuzunguka, na simu ikalia: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Kuchagua tu! Pale Karume nikipekua mitumba kutwa nzima nani ananitoza?

Siku nyingine nikasinzia. Kushtuka, TV inaniuliza kama bado natazama. Miaka 24 ya ndoa sijaulizwa swali kwa upole namna ile. Nikajibu kwa sauti, "Nipo, mama." Mke wangu akatoka chumbani kuangalia nazungumza na nani.

Juzi sasa, mechi ya watani, Simba na Yanga. Sijalipia king'amuzi, wote tumebanana kwenye intaneti ya simu yangu, picha ikaganda. Kijana akasema, "Baba, hebu toka nayo nje kidogo." Nikatoka. "Inyanyue." Nikainyanyua. "Huko juu zaidi!" Nikaitafuta ndoo.

"Inazunguka... bado inazunguka... hapo hapo, baba! Usisogee!"

Mbu wakanipokea. Ndani wakalipuka kwa goli. La nani, mpaka leo sijauliza.