Kibanda cha porini Dodoma: jua lipo, maji je?

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, kuna ndoto inayozidi kusikika kwa waandishi, wachoraji na watengeneza muziki wa mjini hapa. Wanataka kipande cha ardhi upande wa Hombolo, Mvumi au kwenye vilima vya Mpwapwa, chumba kimoja cha kufanyia kazi, sola juu ya paa, na umbali wa kutosha kutoka kwenye spika za baa na mashine za kuchanganya zege. Ndoto yenyewe siicheki. Mji unaojengwa usiku na mchana hauachi nafasi ya kuandika sura tatu mfululizo.

Ila waotaji wengi huanzia kwenye umeme, ambao ndio wepesi kuliko vyote. Kompyuta mpakato hula wati 50 hivi. Saa sita za kazi ni wati-saa 300. Ongeza taa mbili na simu, paneli ya wati 200 na betri nzuri vitakidhi. Jua la huku halina uchoyo, na msimu wa mvua ni mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili. Kinachobaki ni kufuta vumbi kwenye paneli.

Maji ndiyo hesabu yenyewe. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 30 likivuna asilimia 80 ya mvua hiyo, unapata kama lita 13,700. Mtu mmoja anayejibana kwa lita 30 kwa siku atahitaji lita 6,400 kuvuka miezi saba ya kiangazi. Kwa hiyo simtanki mbili za lita 5,000 zinamvusha, tena na ziada. Kwenye karatasi. Tatizo la wastani ni kwamba mvua ya Ugogo haiufuati: mwaka huu inajaza makorongo, mwaka ujao mtama unakauka ukiwa magotini. Mwaka huo mbaya, msanii aliyekuja kukaa peke yake atapanga madumu kwenye foleni ya kisima cha kijiji ambacho hakuwahi kukichangia hata mfuko wa saruji.

Na bati hilohilo linalomvunia maji ndilo litakalomtoa nje saa nane mchana. Wagogo walilijibu joto zamani kwa tembe: nyumba fupi, kuta nene za miti na udongo, paa bapa la udongo juu ya magogo. Ndani kunatulia mchana, na usiku wa Juni na Julai baridi haimkuti mtu waziwazi. Lakini paa la udongo halivuni maji ya kunywa, linataka kukarabatiwa kila mvua zinapokaribia, na mchwa hawana likizo. Ningelazimishwa kuchagua, ningejenga chumba cha tembe cha kufanyia kazi na kando yake banda la bati lisilo na kuta, la kukinga maji na kutoa kivuli. Gharama inapanda, na neno “rahisi” linaanza kuondoka kwenye mpango. Habari za fisi na nyoka naziruka. Wenyeji watamsimulia mgeni, pengine kwa chumvi kidogo.

Kuna na suala la ardhi. Pori linaloonekana tupu mwezi wa Septemba huwa ni malisho ya mtu, au shamba lililopumzishwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, msimamizi wa ardhi hiyo ni halmashauri ya kijiji, na jambo la kuigawa hupelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Anayemalizana na mzee mmoja chini ya mbuyu amenunua kesi. Isitoshe, mwanzoni mwa miaka ya 1970 familia nyingi za mkoa huu zilizokuwa zimetawanyika zilihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, hoja mojawapo ikiwa kuzifikishia maji, shule na zahanati. Wajukuu wao bado wanaishi palepale vijijini. Mtu wa mjini kwenda kujitenga kule walikoondolewa wao kunahitaji maelezo mazuri mbele ya mkutano huo.

Hata hoja ya ukimya siimezi nzima. Muziki wa Kigogo, uliosambazwa duniani na marehemu Hukwe Zawose kwa zeze na ilimba (ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), una mzizi kwenye kuimba pamoja, sauti juu ya sauti. Na ngoma ya muheme ya akina mama haipigwi na mtu mmoja chumbani. Lakini riwaya si ngoma. Anayehariri kurasa 300 anahitaji mlango unaofungika, wala asione haya kuutaka.

Kwangu, kibanda kinafaa kikiwa pembezoni mwa kijiji, umbali wa kusikia jogoo na kufika kisimani kwa miguu, si porini. Na kabla ya kununua hata tofali, mtu apange chumba kijijini kuanzia Mei. Ikifika Oktoba, maji yamepungua, vumbi limejaa na joto halishikiki, naye bado anaandika, basi aende ofisi ya kijiji kuulizia ardhi.