Sahihi Moja Tu

Katika chuo nilichosoma, mashine ya kupukuchua mahindi ilikaa karakanani miaka minne. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliiunda, ikafanya kazi vizuri, wakapata alama zao wakaondoka. Kisha fundi mmoja wa mjini akaja kuomba kibali cha kuitengeneza na kuiuza, chuo kipate fungu lake. Barua yake ilitoka idarani ikaenda kwenye ndaki, ikapita kwa mwanasheria, ikarudi idarani. Hakuna aliyemkatalia. Hakuna pia aliyekuwa na mamlaka ya kumkubalia.

Tunapojadili kwa nini utafiti wa vyuo haufiki viwandani, wengi hutaja fedha, au hudai sera mpya. Wamarekani nao husifiwa kwa sheria yao ya mwaka 1980 iliyoruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliogharamiwa na serikali. Ni sheria nzuri, ila Chuo Kikuu cha Stanford kilianza miaka kumi kabla yake, na kilianza na mtu mmoja.

Mtu huyo ni Niels Reimers, mhandisi aliyeajiriwa hapo mwaka 1968 akitokea viwandani. Alipofukua hesabu alikuta kwamba kuanzia 1954 hadi 1967 uvumbuzi wa chuo kizima uliingiza chini ya dola 5,000. Kazi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ilikuwa imeachiwa shirika la nje. Akaomba ajaribu mwenyewe, na wakuu wake wakamwacha ajaribu. Mwaka wa kwanza zikaingia dola 55,000, na mwaka 1970 ofisi kamili ikafunguliwa. Hakuanza kwa kurundika hataza. Aliwatafuta kwanza wenye viwanda watakaoihitaji teknolojia.

Mwaka 1974 alisoma gazetini kuhusu wanasayansi Stanley Cohen wa Stanford na Herbert Boyer, waliopata njia ya kuunganisha vipande vya DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, na kuvizalisha ndani ya bakteria. Cohen hakutaka hataza kabisa. Aliona ugunduzi ule umesimama juu ya kazi ya wengi. Reimers alimbembeleza mpaka akakubali, na maombi yakawasilishwa Novemba, siku chache kabla ya muda wa kisheria kwisha. Leseni ya kutumia njia hiyo haikufungiwa kampuni moja: kiingilio dola 10,000, na kiasi hicho hicho kila mwaka. Kufikia Desemba 1981 kampuni 73 zilikuwa zimesaini. Hadi hataza hizo zilipokwisha mwaka 1997, zilikuwa zimeingiza zaidi ya dola milioni 250.

Kwetu, mwanasayansi Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela, Arusha, alianzisha kampuni ili kichujio chake cha maji kiwafikie watu, na mwaka 2015 akatuzwa pauni 25,000 na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Namheshimu sana. Lakini si kila mwanasayansi ana moyo wa biashara. Cohen hakuwa nao, na asingelazimika kuwa nao, kwa sababu chuo chake kilikuwa na mtu wa kazi hiyo.

Ndiyo maana namwomba kila makamu mkuu wa chuo amteue mtu aliyewahi kufanya kazi kiwandani, ampe mamlaka ya kusaini leseni bila kuzungusha barua, na ampime kwa teknolojia zilizotoka nje ya geti.

Yule fundi alisubiri miezi saba. Mwishowe alinunua mashine ya Kichina, akaifungua, akaiga.